Moyo wa Mama kwa Kiarabu

Darsait, Maskati
18 Novemba 1996

Mdogo wangu Jaifar,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, ukiondoa mafua yanayozunguka nyumba hadi nyumba. Huko Dar vipi? Wanao wamekua, au bado wanakupanda mgongoni ukirudi hospitali? Mkeo mwambie kitambaa chake nimekipata Hamriya, ila rangi ya kunde wameniapia haiji tena mpaka mwakani, kwa hiyo nimechukua zambarau. Asipoipenda anirushie lawama mie, si mwenye duka. Skuli ni ile ile: wasichana arobaini darasani, na wote wanadhani Kiingereza ni adhabu niliyowabunia mie.

La Mama ni hili. Kifua kilimbana sana mwezi uliopita, akawa anakohoa mpaka tunamshika mgongo. Mume wangu Thani alimpeleka zahanati, wakampa dawa ya kuua vijidudu, kidonge kutwa mara nne, na kikohozi kimekwisha alhamdulillah. Dawa yake ya moyo anakunywa kama ulivyoagiza, vidonge vitatu kila asubuhi. Anayempa ni Thani, kwa mkono wake, akirudi msikitini alfajiri. Daktari wa zahanati alishangaa kwa nini bibi wa miaka sabini na nne anywe vitatu, na wenziwe hunywa kimoja. Thani akamwonyesha barua yako ya mwaka ule, naye akakubali.

Jingine. Barua yako iliyopita umesalimia kila mtu, mpaka paka. Kuna mtu mmoja humu ndani hukumsalimia. Siku hizi Kiswahili anakisoma pia, si kusema tu. Aliisoma barua yako mwanzo hadi mwisho, akaikunja, akasema, "Ndugu yako khati yake nzuri." Basi.

Wako,
Kheiria

*

Dar es Salaam
9 Desemba 1996

Dada Kheiria,

Waalaykum salaam. Barua imefika na kitambaa kimefika. Zambarau imependwa, usihofu. Watoto wazima. Mvua za vuli zimetuchelewa, na umeme ndio kama unavyoujua, leo upo kesho haupo.

Nimefurahi kifua kimepoa. Lakini hukunitajia jina la ile dawa ya vijidudu. Nitajie. Sikuulizi kwa kupenda kuuliza. Dawa ya moyo anayokunywa Mama, dijoksini, ni dawa ya kuchungwa. Ikipungua haifai, ikizidi ni sumu, na kati ya kufaa na kuzidi hapana nafasi kubwa. Unakumbuka alipokuja kututembelea mwaka tisini na mbili, mshipa mmoja wa moyo ukaziba, moyo ukabaki dhaifu, na mapigo yakawa hayana mpango. Nlianza kumpa kidonge kimoja, hakikufanya kitu. Viwili, hakuna. Nlipofika vitatu ndipo damu yake ilipoonyesha kuwa dawa imo. Nna dhana yangu kwa nini, nayo inahusu tumbo lake kuliko moyo wake, lakini ni hadithi ndefu.

Kwa hiyo mtu asiguse dozi ile bila kunipa habari. Hali ikibadilika, andika. Simu sitapiga, unajua nani ataitika.

Nisalimie wote nyumbani.

Nduguyo,
Jaifar

*

Darsait, Maskati
7 Januari 1997

Mdogo wangu,

Ramadhani inabisha hodi na mie sijafua hata pazia. Baridi imeingia, tunavaa sweta kama watu wa Ulaya. Nakutakieni funga njema na Mungu awape wepesi.

"Nisalimie wote nyumbani." Haya, nimewasalimia wote. Jaifar, miaka kumi na minne hujaliandika jina la mume wangu. Ulipopata habari kuwa naolewa na mtu wa Nizwa uliandika: huyo asiyeweza hata kumuuliza Mama kalala vipi, atamtunza vipi? Barua ile ilisomwa sebuleni, yeye kakaa. Hakufahamu neno, lakini aliniuliza, na mie nikamfasiria, maana nlikuwa na hasira nawe. Siku ya pili yake akaanza. Kijiko, sahani, njoo, kaa, pole. Mama akamcheka mpaka akatokwa na machozi, lakini akamfundisha. Leo mie niko skuli, na hao wawili wanapiga soga asubuhi nzima. Mama hana mwengine wa kusema naye mchana, kwani Kiarabu chake unakijua mwenyewe, ni cha kusalia tu.

Sasa nije kwake. Chakula hataki. Wali anausukuma, uji anauonja anauweka. Anagombana na msichana wa kazi kuwa mashuka yamefuliwa kwa manjano, na mashuka meupe pee. Nlidhani ni uzee. Halafu wiki iliyopita akawa anamwambia Thani kila asubuhi, "Moyo unanichafuka, baba, moyo unanichafuka." Mie niko kazini, Thani akamchukua zahanati mbio. Na safari hii hakubabaika. Alinihadithia mwenyewe kwa raha, "Nimemwambia daktari neno kwa neno, Mama anasema moyo yake inachafuka: qalbuha mudhtarib." Daktari akamsifu kwa kueleza vizuri, akamshika Mama mkono, akasema kweli, mapigo hayana mpango. Ameongeza dijoksini. Sasa ni vidonge vinne.

Najua ulisema dozi isiguswe, lakini daktari ndiye aliyegusa, na sie tungemwambia nini? Jina la ile dawa ya kifua silijui, kisanduku kimetupwa. Thani anakumbuka linaanza na "eri".

Bado hajachangamka. Jana hakutoka kitandani ila kwa kusali. Muombee.

Kheiria

*

Dar es Salaam
18 Januari 1997
Kwa faksi ya skuli. Apewe Mwalimu Kheiria mkononi.

Dada,

Salamu zingoje. Barua yako imenifika leo.

Mama asipewe dijoksini tena, hata kidonge kimoja. Mpeleke hospitali kubwa leo hii, usirudi zahanati ile. Waambie: ana kichefuchefu, hali chakula, anaona vitu vyeupe kuwa vya manjano, na anakunywa vinne kwa siku. Ukisema hayo manne watajua. Wapime damu na wampige picha ya mapigo ya moyo.

Nlipiga simu mara mbili. Ya kwanza aliitika mwanamume. Nikataja jina langu, ikakatika. Sijui ni laini au ni mkono wake. Ya pili haikuitikwa.

Nisikilize. Mama akisema moyo unanichafuka, wewe na mie tunamletea beseni. Anataka kutapika, basi. Moyo wenyewe haumo katika maneno hayo. Kwa Waarabu wa huko mtu akitaka kutapika husema ini lake ndilo baya, kwetu husema moyo. Thani amechukua moyo akaupa daktari, na mudhtarib kwa daktari ni mapigo kwenda ovyo. Kwa hiyo Mama amelalamika kuwa dawa inamlevya, na daktari amesikia kuwa dawa haimtoshi.

Na mwanzo wa yote ni tumbo. Utumboni mwa kila mtu mna vijidudu visivyo na hesabu, vinakula tunachokula na kutoa vitu vyao, na vingine vya hivyo vinaingia damuni. Katika watu wachache kuna aina moja inayoila dijoksini. Inaigeuza kitu kisicho na nguvu kabla mwili haujaipata. Hiyo ndiyo dhana niliyokuambia. Ni kama kupika pishi nzima ya wali kwa mtu mmoja, kwa sababu unajua majirani watapita kula kabla yake. Ndiyo maana nlimpa vitatu. Ile dawa yenu ya "eri" ni erithromaisin. Imeponya kifua, na imewafukuza majirani. Tangu Novemba pishi nzima inamwangukia Mama peke yake, na sasa mmeiongeza.

Macho kuona manjano ni alama ya sumu. Usingoje.

Jaifar

*

Maskati
20 Januari 1997
Kwa faksi ya hospitali, apewe Dr Jaifar.

Jaifar,

Karani wetu Mmisri alinipa karatasi yako jana akauliza, "Kheri, inshallah?" Nikamwambia kheri. Nikaenda kujifungia stoo ya vitabu.

Mara ya kwanza katika miaka kumi na minne unaandika jina la mume wangu, na unaliandika ndani ya kosa. Nlisoma mstari ule mpaka macho yakaniuma. Kabla ya kuogopa nlikasirika, nisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nlijiambia: huyu alikuwa anangoja. Amekaa Dar anangoja Thani akosee neno. Na mambo ya vijidudu vinavyokula dawa, mbona daktari wa hapa hakuyasema? Vidonge vitatu ni dozi ya nani? Si yako?

Halafu nikarudi nyumbani, nikakaa kitandani kwa Mama. Nikamwambia, "Mama, moyo vipi?" Akasema, "Unanichafuka, mwanangu," akageuza uso, na mkono wake ukawa unatafuta pembeni ya kitanda. Nikamletea beseni. Neno lile nimelisikia tangu niko mdogo. Nimelisikia mwezi mzima humu ndani, na masikio yangu yamelala.

Na unajua nani alimfundisha Thani "kuchafuka"? Mie. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, tumesimama Matrah na mawimbi yanapanda barabarani, nikamwambia, "Bahari imechafuka." Akauliza ndiyo kusemaje, nikamwambia: mudhtarib. Ndivyo wanavyosema katika habari za hali ya hewa. Akalirudia njia nzima.

Siwezi kumwambia, Jaifar. Wewe hukumwona alivyokuwa akinihadithia daktari alivyomsifu. Nimefanya hivi: vidonge nimevitoa chupani, nikatia vya vitamini vinavyofanana navyo. Leo alfajiri amempa vinne, na Mama amekunywa vitamini. Sumu imesimama, na hakuna aliyeumia. Nikimpeleka hospitali itabidi nieleze, na yeye atakuwa kasimama pale. Tungoje siku chache apate nafuu.

Usipige simu nyumbani, nakusihi.

Kheiria

*

Dar es Salaam
21 Januari 1997
Kwa faksi ya skuli.

Dada yangu,

Sikungojea akosee. Pengine zamani nlingojea, sitakudanganya, lakini si juu ya Mama.

Dozi ile ni yangu, na nlikuwa na sababu, na sababu yenyewe imekufa kwa erithromaisin bila mie kujua. Hapana wa kulaumiwa peke yake. Ila sasa kuna jambo moja ambalo halina ugomvi: ulichofanya na chupa ni kibaya kuliko kosa la neno. Dawa hii haitoki mwilini kwa siku moja. Iliyokwisha kuingia bado imo, na figo za mtu wa umri wake zinaitoa polepole. Mapigo yanaweza kushuka mpaka yakasimama. Akianguka leo, mtu atakayemchukua atamwambia daktari kwa yakini kabisa kuwa asubuhi kanywa vinne, nao watahesabu kwa uwongo wako.

Umemficha mume aibu, na umemficha daktari ugonjwa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ulikuwa ukinisomea mie methali hiyo nlipoficha jeraha la mguu.

Mwambie Thani. Mwambie vyovyote utakavyo, sema kosa ni langu, sema mie ndiye nisiyejua Kiarabu. Lakini sema leo.

Jaifar

*

Darsait, Maskati
12 Februari 1997

Jaifar,

Idi imepita. Mama yu hai, na nimelitanguliza hilo ili usome mengine umekaa.

Faksi yako ya pili bado nlikuwa naikunja pale ofisini, karani akaniita kwenye simu. Ilikuwa Thani. "Mama ameanguka msalani. Mimi nakwenda naye hospitali." Nikakodi teksi. Nliwakuta chumba cha dharura, Mama amelazwa, midomo haina rangi, na waya kifuani. Daktari alikuwa mwanamke kijana, Mwarabu wa kwetu huku, wa upole. Alikuwa anamwuliza Thani, na Thani anajibu vizuri, kwa mpango, kama mtu aliyesoma darasa lake. Dijoksini, ndiyo. Vinne. Leo? Leo, baada ya alfajiri, nimempa kwa mkono wangu huu. Jana? Jana pia, vinne.

Daktari akaanza kuandika.

Nikasema, "Si kweli." Thani akageuka. Nikasema kwa Kiarabu, mbele ya daktari na wauguzi, "Leo na jana amekunywa vitamini. Nimevibadilisha mie." Daktari akauliza kwa nini. Hapo pangekuwa na maneno mengine, Jaifar, mtu mwenye akili angeyapata. Mie nikasema yote. Nikasema Mama alikuwa anataka kutapika tangu Desemba, na zahanati waliambiwa moyo. Daktari akauliza nani aliwaambia. Thani akasema, "Mimi."

Nlitoa karatasi yako mkobani nikamfasiria daktari mambo ya majirani na pishi ya wali. Hakucheka. Alisema amepata kusoma habari hiyo chuoni, hajapata kumwona mtu mwenyewe. Damu ilipopimwa dawa ilikuwa imezidi sana, pamoja na siku mbili za vitamini. Akaniambia kistaarabu kuwa ningekaa kimya pale, wangehesabu siku vibaya, na wangengoja kisichofaa kungojewa. Mishipa ya moyo wake ilikuwa mibovu tokea zamani, na moyo kama ule hauhimili mchezo. Akasema pia kuwa kuna wataalamu wanaoanza kujiuliza kama vile vitu vinavyotolewa na vijidudu vya tumboni vina mkono hata katika kuziba kwa mishipa, ila bado ni maswali tu. Mie sikuwa na nafasi ya maswali. Nlikuwa natazama kile kioo cha mapigo na mstari wake, unapanda, unalala, unachelewa, na kila ukichelewa mie nasema shahada.

Walimweka wodini mpaka karibu na Idi. Dawa ya moyo sasa ni nusu kidonge, na watampima tena baadaye, maana majirani wanaweza kurudi. Ameanza kula. Mashuka yamekuwa meupe tena, na msichana wa kazi ameombwa radhi.

Sasa sikiliza kilichobaki. Thani hakunigombeza. Hakunipigia kelele, wala hakuliuliza neno lenyewe. Tulipotoka hospitali siku ile aliendesha gari mpaka nyumbani, akafungua mlango, akaniambia kwa Kiarabu kuwa kuna mkate. Tangu hapo Kiswahili hakijatoka mdomoni mwake. Mama anaita, "Thani, baba, nipe maji." Anampa, kwa adabu, kwa mikono miwili, na anamjibu kwa Kiarabu. Mama anasema kitu kirefu, anamsikiliza mpaka mwisho, anaitika kwa kichwa, anatoka.

Nlimwambia Mama hadithi yote, nikidhani atamwita amsemeshe. Alimwita. Akamwambia, "Thani, ulisema nilivyosema. Mie ndiye niliyesema moyo." Thani akambusu mkono, akasema neno la heshima la Kiarabu, akatoka. Mama akaniuliza, "Nimemkosea nini mwanangu?"

Asubuhi nakwenda skuli namwacha amekaa kitandani. Narudi mchana namkuta pale pale, na gilasi ya maji iko kama nilivyoiacha, kwa sababu hataki kumsumbua mtu. Moyo umepona, sasa hana wa kusema naye. Siku moja nlimkuta anazungumza na redio.

Sikulaumu, ulisema kweli na umemwokoa. Lakini mtu yule alijifunza lugha ya watu kwa sababu ya sentensi moja uliyoandika, na ameiacha kwa sababu ya nyingine. Mie nimeshamwomba radhi mpaka nimechoka, ananiambia hakuna neno. Na nna hofu naye kuliko nlivyokuwa na hofu ya kile kioo.

Dada yako

*

Dar es Salaam
3 Machi 1997

Dada yangu Kheiria,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima. Mvua imeanza kunyesha usiku na kuanuka mchana. Mwanangu wa mwisho ameng'oka jino la mbele, analionyesha kwa kila mgonjwa anayepita. Barua yako nimekaa nayo siku nyingi, nikaandika majibu mawili, nikayachana yote mawili. Yalikuwa na elimu nyingi.

Jana asubuhi nlipiga simu. Nlichagua asubuhi makusudi, uwe skuli.

Akaitika yeye. Nikasema, "Mie Jaifar." Nikangojea ikatike. Haikukatika, na nikasikia pumzi. Ile ya Januari basi ilikuwa laini, au hakuwa na moyo wa kuikata mara ya pili. Sikumwuliza. Nlikuwa nimejipangia maneno, na yote yakanitoka kichwani kama mwanafunzi wako mbele ya mtihani.

Yeye akaanza kusema. Kiarabu, fasaha, taratibu, kama msomaji wa habari. Mama anaendelea vizuri. Nusu kidonge, mapigo yametulia, chakula anakula, hospitali wamempangia kurudi mwisho wa mwezi. Hakuacha kitu. Daktari msaidizi wangu hanipi ripoti kama ile. Nlifahamu kila neno, Dada, unajua nlisoma Kiarabu.

Alipomaliza nikamwambia, "Shemeji, Kiarabu sifahamu. Nambie kwa Kiswahili."

Akasema, kwa Kiarabu, kuwa Kiswahili ameacha. Nikamwambia sifahamu. Akasema tena, polepole zaidi, kuwa lugha ile si yake, aliiharibu, na Mama karibu amfie mikononi. Nikamwambia, "Sifahamu, shemeji." Nikaona haya ya kumdanganya mtu mzima. Nikasema, "Neno lile ungelikosea tu. Nani angekwambia kuwa sisi tunatapika kwa moyo? Mie ndiye nilipaswa kukwambia, tangu mwaka wa themanini na mbili. Nlikuwa na kazi ya kukununia."

Mita ya simu ya hospitali inakwenda, na mhasibu ananitazama kutoka mlangoni. Nikasema, "Basi nambie hili moja. Mchana, Kheiria akiwa skuli, Mama anazungumza na nani?"

Nikasikia anaweka mkono wa simu mezani. Nlidhani ameniacha na hiyo ndiyo khatima. Nlikuwa sijui nitakuandikia nini. Halafu nikasikia miguu yake inakwenda mbali, mlango unafunguliwa, na sauti yake, ya kukwaruza, ya mtu aliyekaa muda mrefu hajasema.

"Mama. Mama, amka pole pole. Jaifar kwa simu. Hapana, usiinuke wewe peke yako. Shika mkono yangu."

Alisema "mkono yangu", Kheiria. Nikasikia Mama anacheka, na ndara zake zinakuja.

Nduguyo,
Jaifar